Wewe Mtoto wa Nani? Hotuba kwa Wanajumuiya wa Bagamoyo

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanajumuiya wa parokia yetu, katika mkutano wa kujiandaa na Pentekoste, sikukuu ya somo wa kanisa letu. Waliokuwa safarini na wale waliokuwa wakiuguza wameiomba. Naiweka yote kama nilivyoisema.

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, mapadre wetu, masista, makatekista, viongozi wa Halmashauri ya Walei, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, vijana wa VIWAWA, watoto wa Utoto Mtakatifu mliokaa hapo mbele kwa utulivu, na ninyi majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko wetu: asalaam alaykum, karibuni sana.

Nimeombwa niseme habari za historia ya parokia hii. Historia yenyewe ni ya zaidi ya miaka 150, na muda niliopewa hautoshi hata robo yake, kwa hiyo mengi nitayaruka. Nitashika jambo moja tu.

Kwanza naomba msaada wenu. Kila aliyezaliwa hapa Bagamoyo, na baba yake akazaliwa hapa, na babu yake akazaliwa hapa, anyooshe mkono. Naona. Wengi ni hao majirani zetu, na wachache miongoni mwetu. Asanteni, shusheni. Sasa waliokuja, au waliozaliwa na waliokuja, wanyooshe. Haya, tazameni wenyewe! Moshi wapo, Songea wapo, Bukoba wapo, Morogoro wapo. Walimu, wavuvi, wauguzi, mafundi, akina mama wa sokoni. Karibu ukumbi mzima.

Ukipita mtaani magharibi ukakutana na mtoto usiyemjua, unamwuliza nini? Jina lake huliulizi kwanza. Unamwuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Akijibu, unajua pa kumrudisha, unajua nani wa kumlipia deni, unajua nani atalia akifa. Swali hilo dogo ndilo linalomweka mtu duniani.

Parokia hii ilianzishwa na watoto ambao hawakuwa na la kujibu wakiulizwa swali hilo. Hilo ndilo jambo langu la leo. Wewe mtoto wa nani?

Ndugu zangu, tuanzie ng'ambo, Unguja. Mwezi Desemba mwaka 1860 walifika huko mapadre na masista kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Padre Armand Fava. Walifungua zahanati, wakafungua karakana, wakaanza kupokea watoto. Mwaka 1863 wakafika Wamisionari wa Roho Mtakatifu, na mkubwa wao hapa akawa Padre Antoine Horner. Wakati huo soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi, likifanya kazi yake kila siku mbele ya macho ya watu. Halikufungwa mpaka mwaka 1873, chini ya Sultani Barghash. Mapadre walikuwa wanakwenda pale na fedha, wanakomboa watoto.

Fedha hizo zilitoka wapi? Watoto wa Utoto Mtakatifu, nisikilizeni vizuri hapa, maana hii ni habari yenu. Sehemu kubwa ilitoka kwa watoto. Shirika lenu lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, na watoto wa huko walikuwa wanatoa senti zao kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali wasiowajua. Senti zile zilivuka bahari, zikafika Unguja, zikamtoa mtoto sokoni. Kwa hiyo Jumapili mnapopita na vikapu vyenu vidogo, msidhani ni mchezo wa kuwafurahisha wazazi. Mnarudisha mkono.

Nataka niwasimulie habari za mmoja wa watoto wale. Aliitwa Swema. Alikuwa Myao, na habari zake alizisimulia mwenyewe kwa masista wa Unguja, Padre Horner akaziandika, zikachapishwa Ufaransa mwaka 1870. Ndiyo maana tunazijua.

Baba yake Swema aliuawa na simba. Nyumba ikayumba. Njaa ikaja, mama akakopa nafaka kwa jirani ili watoto wale, na mavuno yalipokataa akashindwa kulipa. Msafara wa wafanyabiashara wa watumwa ulipopita kijijini, mdai akasema, nilipeni kwa huyu mtoto. Wakamchukua Swema. Mama alifanya nini? Sikilizeni mama huyu alivyofanya. Aliufuata msafara, akajitoa abebe pembe za ndovu kama mpagazi, ilmradi atembee nyuma ya mwanawe. Akabeba mpaka nguvu zikamwisha. Siku aliposhindwa kusimama waliondoka wakamwacha njiani, na Swema akalazimishwa kuendelea mbele huku akigeuka nyuma.

Alifika Kilwa, akapakiwa jahazini, akafika Unguja akiwa mifupa mitupu. Wenye mali walimtazama wakaona huyu hafiki sokoni. Wakamviringisha kwenye mkeka wakamzika, angali anapumua, kwenye kaburi la kina kifupi. Mwaka ulikuwa 1865. Kijana mmoja wa Réunion alikuwa anapita makaburini, akasikia mtu anaguna chini ya mchanga. Akafukua. Akambeba mpaka kwa masista.

Wewe mtoto wa nani, Swema? Baba ameliwa na simba. Mama ameachwa porini. Kijiji kimemtoa kulipia deni. Waliomnunua wamemzika. Angejibu nini?

Akakaa kwa masista, akapona, akajifunza kuhudumia wagonjwa. Na hapa habari inageuka kwa namna ambayo mimi, kila nikiisoma, nasimama kwanza. Siku moja waliletwa majeruhi zahanati, na mmoja wao Swema akamtambua. Alikuwa ni yule mtu wa msafara, yule aliyemwacha mama yake afe njiani. Sista alimwambia amwoshe vidonda. Swema alikataa kwanza. Alitetemeka, alilia. Kisha akaenda, akamwosha, akamsamehe.

Sisemi hayo ili tuone kusamehe ni kazi nyepesi. Hata kwake yeye haikuwa nyepesi. Ninasema ili tujue ni mikono ya namna gani iliyotangulia mikono yetu.

Sasa tuvuke tuje huku kwetu. Nyumba za Unguja zilikuwa zimejaa, mashamba hayakuwepo, na mtoto aliyekombolewa akikua atakwenda wapi? Ndipo Padre Horner na wenzake walipovuka, na tarehe 4 Machi 1868 misheni ya Bagamoyo ikaanza. Msalaba ulisimikwa kule ufukweni, na mahali pale mnapajua. Kwa nini Bagamoyo? Kwa sababu hapa ndipo njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora ilipokuwa inaishia. Pembe zilishukia hapa, wapagazi walishukia hapa, watumwa walishukia hapa. Wengine husema jina la mji ni la mpagazi anayetua mzigo na kuburudika, bwaga moyo. Wengine husema ni la mtumwa anayeuacha moyo wake bara kabla ya kupandishwa jahazini. Ugomvi huo wa maana mimi siuamui. Najua tu kwamba wote wawili walipita kwenye mchanga uleule.

Miaka ya mwanzo haikuwa ya raha hata kidogo. Kipindupindu kilipita pwani na Unguja kikaua watu wengi sana. Mwaka 1871 walipanda ile miembe mnayopita chini yake kila Jumapili. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1872, kikaja kimbunga. Kule Unguja karafuu nyingi zilifyekwa, na huku kwetu majengo ya misheni yakabomolewa. Kila kitu walichojenga kwa miaka minne kilikuwa chini. Wakaanza upya: kanisa la mawe, lile ambalo mnara wake mnauona hadi leo, kisha nyumba ya mapadre, kisha nyumba ya masista iliyojengwa mwaka 1876, ambayo sasa ndiyo makumbusho yetu.

Nauliza, nani alijenga? Padre anaweza kuchora ramani. Lakini nani alikata matumbawe? Nani alichoma chokaa? Nani alibeba maji? Waliobeba ni wale wale waliotoka sokoni. Nendeni makaburini kwa wamisionari mkasome misalaba. Wengi walikufa vijana, malaria iliwamaliza, na ni haki majina yao yaandikwe na kuombewa. Ila hawa wengine je? Yule mtoto aliyenunuliwa Unguja, akalelewa hapa, akabeba mawe, akaoa hapa, akazikwa hapa: nani kati yetu anaweza kumtaja jina?

Na kwa kuwa tunasema historia, tuiseme yote. Kijiji cha waliokombolewa hakikuwa peponi. Maisha yalikwenda kwa kengele: kengele ya kuamka, ya sala, ya shamba, ya kulala. Watoto walifanya kazi nzito mashambani. Walipokua, mapadre waliwaozesha wao kwa wao, wakawapa nyumba na kipande cha ardhi chini ya kanuni kali. Wapo waliochoka wakaondoka, wakaenda kutafuta kazi mjini au kwenye misafara. Siwalaumu. Mtu aliyewahi kuwa mali ya mtu husikia kengele kwa sikio lingine. Tukiwasimulia watoto wetu kwamba kila kitu kilikuwa kizuri tutakuwa tumewanyang'anya wale watu mara ya pili, maana tutakuwa tumewanyang'anya hata haki yao ya kuchoka.

Lakini wengi walibaki. Na waliobaki walifanya jambo ambalo hakuna padre angeweza kuwafanyia. Walifanyana ndugu. Msikilize maana yake. Myao na Mnyasa, Mzigua na mtu wa Manyema, watu ambao hata lugha hawakuelewana walipokutana, walikaa kijiji kimoja wakaanza kuitana kaka, dada, shangazi, mjomba. Kiswahili kikawa lugha ya mama kwa watoto wao. Mtoto wa kwanza kuzaliwa pale, ukimwuliza wewe mtoto wa nani, alikuwa na jibu. Na kama wazazi wake wamekufa, alikuwa bado ana jibu.

Ndugu wanajumuiya, mnanifuata?

Basi tuje mwaka 1874. Nyote mnajua ule mnara wa kanisa la kwanza, tunauita mnara wa Livingstone. Wageni wanapiga picha, wanaondoka. Mimi nataka tuwatazame waliombeba.

David Livingstone alifariki mapema Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu aliokuwa nao wangeweza kumzika pale na kwenda zao. Nani angewalaumu? Wakaamua kumrudisha kwao. Wakautoa moyo wake wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa nguo na magamba ya mti, wakaanza kutembea. Viongozi wao walikuwa Chuma na Susi. Chuma alikuwa Myao aliyetolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa akiwa kijana mdogo, na Susi alitoka Shupanga, Msumbiji. Walikuwamo wanawake pia katika msafara ule. Baadhi walikufa njiani. Walitembea kwa miezi, mvua na jua, mpaka Februari 1874 wakaingia hapa Bagamoyo, na usiku wa tarehe 24 mwili ukalazwa kanisani kwetu.

Tazameni jambo hilo. Aliyekufa alikuwa Mprotestanti wa Uskoti. Susi aliyembeba alikuwa Mwislamu. Kanisa lililompokea lilikuwa Katoliki. Na mji ule ambao watu husema jina lake ni kubwaga moyo, ulipokea mwili wa mtu ambaye moyo wake kweli uliachwa bara.

Baada ya hapo? Mwili ulipelekwa Unguja kwa meli, kisha Uingereza, ukazikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Na waliombeba? Walilipwa ujira wao Unguja, wakaachiwa waende zao. Aliyefika kwenye mazishi ni mmoja tu kati ya waliotembea naye, Jacob Wainwright. Chuma na Susi waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha. Kwetu sisi Waafrika, aliyebeba jeneza ndiye mfiwa. Wale ndio waliokuwa wafiwa. Kila nikipita pale mnarani huwa nawasalimu wao kwanza.

Nisogee mbele haraka kidogo. Mwaka 1888 vita vilizuka pwani hii, Abushiri bin Salim na watu wa pwani wakipinga utawala wa Wajerumani. Manowari za Wajerumani zikapiga mji wetu kwa mizinga. Watu walikimbilia wapi? Walikimbilia misheni. Waliojenga vibanda vya makuti chini ya miembe ile hawakuwa Wakristo peke yao. Waislamu wa mji walikuja na watoto wao na mbuzi wao, wakakaa miezi. Padre Étienne Baur, mzee wa misheni, hakuwauliza dini. Na Abushiri naye hakuishambulia misheni. Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Makuti yakaoza, watu wakarudi mjini kwao.

Majirani zetu mlioko hapa, huenda bibi wa bibi yako alizaliwa chini ya mwembe wetu. Na huenda bibi wa bibi yangu alipewa maji kisimani kwenu. Ndiyo maana tukifiwa mnakuja, mkifiwa tunakuja, na wala hatuitani kwa barua.

Kutoka hapa injili ilipanda bara. Mhonda mwaka 1877, Mandera 1881, Morogoro 1882, kisha Kilema na Kibosho mlimani Kilimanjaro. Wenzetu Wachagga mlioko hapa mnasema Bagamoyo ni mlango wa imani, na ni kweli. Hata kahawa mliyosomeshewa ina habari ya njia hii hii, maana mbegu zake za mwanzo zilitoka Réunion na zikapanda mlima mikononi mwa mapadre. Lakini padre hakwenda peke yake. Kule Mhonda walikwenda na familia za Kikristo za hapa Bagamoyo, mume na mke, na sufuria zao na majembe yao. Watu waliokokotwa kwa minyororo kutoka bara walirudi bara kwa miguu yao wenyewe, na safari hii walikuwa wanapeleka kitu. Kabla ya padre kujua lugha ya pale, nani alizungumza na watu? Kabla ya shule kuwa na paa, nani aliwafundisha watoto Baba Yetu? Katekista na mke wake. Makatekista mlioko hapa, simameni tuwaone. Simameni kabisa, msione haya. Posho yenu ni ndogo, baiskeli zenu zimechoka, na nyinyi ndio kazi ya kwanza kabisa ya parokia hii.

Kwa upande wa mamlaka, Bagamoyo ilifanywa vikarieti ya kitume, yaani eneo la Kanisa ambalo halijawa jimbo kamili, mwaka 1906, kanisa hili kubwa likajengwa kati ya 1910 na 1914, mwaka 1953 jimbo likawa la Morogoro, na mwaka 2025 jina la Bagamoyo limerudi kuwa jina la jimbo. Mnakumbuka pia Novemba 2018, Kanisa lote la Tanzania lilipokuja hapa kutimiza miaka 150. Vumbi la siku zile nadhani bado lipo kwenye viatu vyangu vya Jumapili.

Sasa nakuja kwenye jumuiya zetu, na hapa nitakaa kidogo.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa katika nchi zetu lisimame juu ya jumuiya ndogo ndogo. Nyumba kumi, kumi na tano, zinazojuana. Hawakuwa wanabuni kitu kigeni. Wale watu wa kijiji cha waliokombolewa wangefika leo Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakatukuta tumekaa kwenye mkeka barazani kwa mtu, Biblia moja inazungushwa, mama mwenye nyumba anaondoa kuku, wangejua mara moja tunafanya nini.

Nina ushuhuda. Kwenye jumuiya yetu alikuwepo fundi viatu. Alikuja kutoka mbali, alipanga chumba kimoja, alikaa mwisho wa benchi, hakusema sana. Michango alitoa kidogo kidogo lakini hakukosa. Akaugua. Akina mama walipanga zamu ya uji, akina baba zamu ya kulala. Alipofariki tulifungua simu yake tukapiga namba zote, hakuna hata moja iliyokuwa ya ndugu. Tukaenda kuchukua mwili. Pale dirishani tukaulizwa swali la kawaida, "Ndugu wa marehemu ni nani?" Kulikuwa na ukimya. Kisha mwenyekiti wetu, mama wa watu, anayeuza samaki wa kukaanga, akasema, "Sisi." Akaulizwa, "Ninyi nani kwake?" Akasema, "Sisi ndugu zake. Andika." Akaandika. Mwenye nyumba wake, Mwislamu, alileta shuka jipya. Vijana wa mtaa walichimba kaburi bila kuuliza atalipa nani. Tulimzika kama tunavyozikana.

Miaka zaidi ya 150, na bado swali ni lile lile. Wewe mtoto wa nani? Ndugu wa marehemu ni nani? Na bado jibu ni lile lile.

Lakini, ndugu zangu, lazima niseme na jingine, na nitalisema kwa kuwa nilishiriki. Niliwahi kuwa katibu wa jumuiya. Alikuja binti mmoja, amejifungua, hajaolewa, ni mpangaji, anaomba barua ya kumbatizia mtoto. Nikafungua daftari la mahudhurio. Nikamwambia hujafika miezi mitano, hujalipa mchango, siwezi kukuandikia. Nilisema kwa adabu. Nilijiona natunza utaratibu. Akaitikia, "Sawa, baba," akambeba mtoto akaenda. Sikumwona tena. Alihama mtaa. Hata jina la yule mtoto silijui.

Nilikuwa nimeketi mahali ambapo watu waliotoka sokoni walipata ndugu, na mimi nikamwuliza mtu risiti. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na nimelipeleka kwenye kitubio.

Viongozi wenzangu, utaratibu tunauhitaji, wala sisemi tuuache. Wapo wanaokuja jumuiya siku ya kutaka barua ya ndoa tu, na hao tuwaambie ukweli. Lakini daftari la mahudhurio lisiwe mtu wa kwanza kumlaki mgeni. Na jambo la kumwacha marehemu azikwe bila sala kwa sababu hakuwa anasali jumuiya, nawaomba, tena nawaomba kwa magoti, lisisikike hapa. Mahali pengine sijui. Hapa Bagamoyo? Hapa ambapo mwili wa mtu wa dhehebu jingine ulipokewa usiku, bila barua?

Ninamalizia na ombi, na hili ndilo lililonitoa nyumbani.

Wazee wetu wanaondoka. Kila msiba tunaouzika, unaondoka na majina. Katekista fulani aliyefundisha kigango kizima akiwa na ubao mmoja. Bibi fulani aliyeosha vitambaa vya altare kwa miaka arobaini. Mkunga aliyewazalisha nusu ya waumini wa kanda fulani. Fundi aliyepanda juu ya paa la kanisa kuziba lilipovuja. Hao hawamo makumbusho. Wakiondoka vichwani mwetu, wameondoka.

Baba Paroko ameturuhusu tuanze daftari. Litakuwa la majina. Hatutaki majina ya waliochangia fedha, hayo yana kitabu chake. Tunataka majina ya waliobeba. Kila jumuiya ilete ya kwake: jina la mtu, alifanya nini, alitoka wapi, amezikwa wapi kama inajulikana. Majirani zetu Waislamu, na ninyi mna majina ya watu wetu, maana mliishi nao ukuta kwa ukuta. Tunawaomba mtusaidie. Vijana watatu wa VIWAWA wenye mwandiko mzuri watakaa pale nje, chini ya mwembe, leo na kila Jumapili baada ya misa ya pili mpaka sikukuu.

Utaulizwa, huyu alikuwa mtoto wa nani? Kama unajua, sema. Kama hujui, usirudi nyumbani kwa aibu. Waambie waandike, "Wa parokia."

Meza imeshatolewa. Naomba tuwapishe wazee watangulie.